"Haionekani kwenye mtambo": ni jibu au ni kisingizio?

(Haya ni mazungumzo ya wiki yaliyosomwa redioni. Tunayachapa kama yalivyotangazwa.)

Ndugu wasikilizaji, wiki hii ninaomba tuzungumze juu ya jibu moja fupi ambalo karibu kila mwananchi mwenye simu, mwenye akaunti ya benki au mwenye mita ya umeme amewahi kupewa dirishani. Jibu lenyewe ni hili: "Haionekani kwenye mtambo."

Hapa Korogwe mabasi yaendayo Moshi na Arusha, na yale yatokayo huko kwenda Tanga na Dar es Salaam, hupita mfululizo, na pale stendi biashara ya fedha kwa simu haipumziki. Abiria anashuka kununua machungwa, anakumbuka kwamba hajamtumia mama yake fedha, anakimbilia dirisha la wakala huku kondakta anapiga bodi la basi kwa kiganja. Mama mmoja mwenye dirisha la namna hiyo alinisimamisha siku hizi za karibuni. "Kaka mtangazaji," alisema, "ninyi mnaosikika, lisemeeni na hili." Mteja alimletea shilingi 180,000 za kuweka. Mama akazipokea, akabonyeza, salio lake mwenyewe likapungua, lakini mteja hakupata ujumbe wala fedha. Basi likapiga honi. Mteja akagoma kuondoka mikono mitupu, na alikuwa na haki, kwa hiyo mama akamrudishia noti zake. Alipowapigia simu wenye mtambo aliambiwa kwamba muamala huo haupo. Haionekani. Kama salio limepungua, atafute mwenyewe alilipunguza wapi.

Sitaitaja kampuni, wala mimi si hakimu wa kesi hiyo. Ninachotaka kukipima ni lile jibu. Mtambo ukisema haukuona kitu, je, hiyo ni hakika kwamba kitu hicho hakikutokea?

Tuanze na mtambo wenyewe. Ukibonyeza simu yako, ombi lako linasafiri hadi kwenye kompyuta kubwa ambayo wataalamu huiita seva. Ziko seva za aina nyingi. Hii tunayoizungumzia ni seva ya programu, yaani ile inayoendesha biashara yenyewe: inapokea ombi, inakagua kama fedha ipo, inaipunguza hapa na kuiongeza pale, kisha inajibu. Lakini inayo kazi ya pili ambayo mteja haioni. Kila inachokifanya inakiandika: nani aliingia, saa ngapi, kutoka simu gani, alitaka nini, alipewa nini, alikataliwa nini. Maandishi hayo wataalamu huyaita kumbukumbu za matukio. Mimi nitayaita daftari, kwa sababu ndivyo yalivyo.

Sasa daftari nalo ni kitu, na kila kitu huharibika. Diski linakoandikwa hujaa. Fundi anabadilisha ruhusa za majalada usiku, na asubuhi seva haina tena ruhusa ya kuandika. Mawasiliano na kompyuta inayokusanya madaftari yote yanakatika. Programu ndogo inayoshika kalamu inakufa kimya kimya. Hapo ndipo linapozuka swali letu: karani aliyeishiwa wino aendelee kuhudumia foleni, au asimame?

Wazee wa Korogwe hawahitaji kompyuta kulielewa swali hili. Wilaya hii ni ya mkonge tangu enzi za Wajerumani, na waliokata mkonge katika mashamba kama Ngombezi, Magunga na Mazinde walilipwa kwa kipande. Kipande kilikuwa kadi yenye visanduku 30. Ukimaliza ngwe yako ya siku, kisanduku kimoja kinatiwa alama. Visanduku vyote vikijaa, unakwenda kupokea mshahara. Wale waliosombwa kutoka mbali, Songea, Kigoma, Msumbiji na Ruanda-Urundi, ambao wakati wa Waingereza wengi wao waliletwa na SILABU, ile ofisi ya kuajiri iliyoanzishwa na wenye mashamba mwaka 1944, waliitwa manamba, maana ofisini walijulikana kwa namba kabla ya majina. Kwa manamba, siku isiyotiwa alama kwenye kipande ilikuwa siku ya kazi ya bure. Jasho limetoka, mkonge umekatwa, umekwisha kufika kiwandani, lakini kisanduku ni cheupe. Utalalamika kwa nani? Karani atatazama karatasi zake na kusema: haionekani.

Ila kuna tofauti moja. Karani wa shambani akikosa kalamu, wafanyakazi wangemwona, na wangepiga kelele kabla hawajainama kukata jani la kwanza. Seva ikikosa kalamu hakuna anayeiona. Inaendelea kuhudumia kwa uso uleule wa jana.

Na hivyo ndivyo mitambo mingi ilivyo inapotoka kwa watengenezaji. Vijana wetu wa kompyuta wanaifahamu Log4j, chombo cha kuandikia daftari kinachotumiwa na programu nyingi zilizoandikwa kwa lugha ya Java, kilekile kilichoitikisa dunia Desemba 2021 kilipogunduliwa kuwa na tundu la kupitishia wezi. Chombo hicho, usipokipa amri nyingine, kikishindwa kuandika kinanung'unika pembeni kisha kinaiacha programu iendelee kana kwamba kimeandika. Waliokitengeneza hawakuwa wajinga. Waliona afadhali duka liuze bila daftari kuliko lifungwe kwa sababu ya daftari. Kwa mtandao wa kuonyesha picha za harusi, ni sawa. Kwa fedha za watu, ni jambo jingine kabisa.

Niwapeleke mbali kidogo, hadi Dhaka, makao makuu ya Benki Kuu ya Bangladesh. Benki hiyo, kama benki kuu nyingine nyingi, ilikuwa na akaunti katika Benki ya Akiba ya Shirikisho ya New York, na maagizo yake ya kuhamisha fedha yalipitia mtandao wa kibenki wa SWIFT. Katika chumba chenye ulinzi kulikuwa na printa iliyochapa kila ujumbe wenyewe, usiku na mchana, bila kuamriwa na mtu. Printa ile ndiyo iliyokuwa daftari. Usiku wa Alhamisi, tarehe 4 Februari 2016, wezi waliokuwa wamekwisha kujipenyeza kwenye kompyuta za benki walituma maagizo 35, jumla ya dola za Kimarekani milioni 951. Programu waliyoipandikiza ikafuta nyayo zao kwenye kumbukumbu, na ikainyamazisha printa.

Siku ya pili yake ilikuwa Ijumaa, ambayo kule ni mapumziko. Wafanyakazi wa zamu wakaikuta printa haichapi. Wakafikiri ni ugonjwa wa kawaida wa printa, na nani kati yetu asingefikiri hivyo? Ilipofufuliwa baadaye ikaanza kutema karatasi, na miongoni mwake yalikuwamo maswali kutoka New York: haya maagizo mliyotutumia ni yenu kweli? Waliposhtuka na kutaka kujibu, New York nako mwisho wa juma ulikuwa umeingia. Sehemu kubwa ya maagizo ilizuiwa, lakini dola milioni 81 zilifika katika tawi la benki huko Ufilipino na kuyeyukia kwenye nyumba za kamari. Nyingine milioni 20 zilikwenda Sri Lanka na kuokolewa, kwa sehemu kwa sababu wezi walikosea herufi katika jina la aliyekuwa azipokee.

Watu husimulia habari hii kwa ajili ya wezi. Mimi ninawaomba muitazame printa. Mtambo wa kutuma fedha ulibaki tayari kutuma, ilhali mtambo wa kuandika ulikuwa maiti kwenye chumba hichohicho. Hakukuwa na kamba iliyowafunga wawili hawa. Kama ingekuwapo, kunyamaza kwa printa kungekuwa king'ora, na si kero ya ofisi ya kumsubiri fundi.

Kamba hiyo inaweza kufungwa kwa namna mbalimbali. Iliyo kali kuliko zote ni kusimama. Windows ina mpangilio unaoifanya mashine ijizime yenyewe endapo haiwezi kuandika daftari lake la usalama. Hifadhi za taarifa za Oracle, zinazotumika sana katika mabenki na maofisini, zikipangwa kutunza nakala ya kila badiliko, na mahali pa kuzitunzia pakajaa, hugoma kupokea badiliko lolote jipya hadi nafasi ipatikane. Fundi wa hifadhi hizo asiyewahi kuamshwa usiku kwa ajili hiyo bado ni mgeni kazini.

Lakini kusimama nako kuna gharama, na sisi Watanzania tunaijua. Mwezi Mei 2021 mfumo wa kuuza umeme wa LUKU ulikwama kwa siku kadhaa. Silitaji jambo hilo kwa sababu ya chanzo chake, bali kwa sababu ya foleni zake: watu na vikaratasi vyao vya namba za mita katika ofisi za TANESCO, wenye majokofu ya samaki na wenye saluni wakihesabu hasara, na Waziri wa Nishati akiwasimamisha kazi baadhi ya wakuu wa TEHAMA wa shirika. Huwezi kumwambia mwananchi kwamba tumefunga huduma ili daftari liwe safi. Atakuuliza daftari linaliwa na ugali upi.

Ndipo inapokuja njia ambayo hasa imenifanya nishike kalamu wiki hii: kukabidhi zamu. Idara ya Ulinzi ya Marekani inacho kitabu cha masharti kwa seva za programu zinazotumika katika mifumo yake. Sharti mojawapo linataka seva ipangwe ili, sehemu yake ya kuandika kumbukumbu ikishindwa, kazi ihamie kwenye mtambo mwingine. Sharti jingine linataka wasimamizi waonywe papo hapo nafasi ya daftari inapofikia asilimia 75. Wanajeshi si watu wa kupenda huduma isimame vitani, wala si watu wa kupenda jambo lifanyike bila kujulikana ni nani kalifanya. Kwa hiyo hawakuchagua kati ya hayo mawili. Karani aliyeishiwa wino anaondoka dirishani, na mwenzake mwenye wino anaketi.

Hufanyikaje? Mbele ya seva mbili au zaidi huwekwa mgawa kazi, mfano wa mpiga debe wa stendi anayewaelekeza abiria ni basi gani lina nafasi. Kila baada ya sekunde chache huiuliza kila seva: mzima? Inayoitikia inapewa wateja. Isiyoitikia inarukwa. Udhaifu uko kwenye lile swali, ambalo mara nyingi ni la juujuu, kama kumjulia hali mgonjwa kwa kubisha hodi tu: ukisikia sauti unaondoka ukisema hajambo. Seva isiyoweza kuandika huitikia vizuri kabisa. Kuipanga sawasawa ni kuifanya, kabla haijasema "mzima", ijaribu kuandika mstari mmoja kwenye daftari na kuusoma tena. Ikishindwa, ijibu kwa namba 503, ambayo kwa lugha ya mitambo maana yake ni "sina huduma kwa sasa". Mgawa kazi akisikia hivyo ataacha kuipelekea watu.

Na wale waliokwisha kuingia ndani? Hapo wataalamu hubishana: wengine husema wamaliziwe kwa ustaarabu, wengine husema wakatwe. Kwa mambo ya fedha mimi niko na wa pili. Ombi lirudi kwa mteja likisema waziwazi kwamba halikufanyika, ajaribu tena, na safari hii ataangukia seva yenye kalamu. Afadhali kuambiwa "haikufanyika" saa ileile kuliko "haionekani" wiki nzima.

Iko mitego. Ile Log4j niliyoitaja ina kipengele kizuri cha daftari la akiba: la kwanza likishindwa, andika kwenye la pili. Lakini la kwanza lisipoamriwa kwamba lisifiche makosa yake, halitasema limeshindwa, na la pili litakaa jeupe milele. Fundi ameweka akiba, bosi ameandikiwa ripoti kwamba akiba ipo, na siku ya siku akiba haiamki. Watu wa tabia hiyo tunao hata maofisini, wala hawajatengenezwa kwa Java.

Mtego mkubwa zaidi ni wa kidau kimoja cha wino. Utakuta seva kumi zimepangwa vizuri, kila moja iko tayari kumpokea mwenzake, lakini zote kumi zinaandika moja kwa moja kwenye kompyuta moja ya kukusanyia madaftari. Kompyuta hiyo ikifa, seva zote kumi zinajibu 503 kwa pamoja, na mpiga debe anabaki stendi bila basi hata moja. Mwizi mwenye akili, au mtu mwenye chuki tu, akilijua hilo atalijaza daftari makusudi kwa maelfu ya maombi ya upuuzi mpaka nchi nzima ikose huduma. Kwa hiyo kila seva iandike kwanza kwenye diski yake yenyewe, kisha nakala ndiyo ipelekwe kwenye mkusanyo, na kufa kwa mkusanyo peke yake kupige king'ora bila kumtoa karani yeyote dirishani.

Sisi wa redio tunalijua jambo hili kwa njia yetu. Kila kinachotoka hewani hurekodiwa pembeni, ili mtu akilalamika tuweze kusikiliza upya. Kituo kimoja nilichowahi kukifanyia kazi kilikuwa na mitambo miwili ya kurekodi. Mmoja ulichukua sauti mezani kwa fundi mitambo. Wa pili ulikuwa chumba kingine, wenye umeme wake, na uliisikiliza redio kama msikilizaji yeyote. Wahasibu waliuona wa pili ni ubadhirifu. Siku moja mwanasiasa mmoja akaja juu kwamba ametukanwa katika kipindi cha asubuhi. Mtambo wa mezani ulikuwa umekwama tangu alfajiri. Wa pili ukatoa kipindi chote, na matusi yale hayakuwamo. Tangu hapo wahasibu hawakuugusa tena.

Lipo na jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Diski ikijaa, mkono wa fundi hukimbilia kufuta madaftari ya zamani ili mashine ipumue. Ninamwelewa, simu zinalia, wakubwa wanauliza. Lakini anafuta ushahidi ili aokoe huduma, na kama kuna aliyeijaza diski hiyo makusudi, basi fundi anamfanyia usafi. Zamu ikikwisha kukabidhiwa kwa seva ya pili hakuna tena haraka hiyo. Ya kwanza ifungwe jinsi ilivyo, madaftari yake yanakiliwe, ndipo ianze kutibiwa.

Wala sisemi kila mtambo uwe na ukali huu. Daktari wa zamu ya usiku, awe Magunga hapa mjini au Muhimbili, anayetafuta kundi la damu la mgonjwa kwenye kompyuta, asifungiwe jalada kwa sababu daftari la nani-alitazama-nini limekufa. Pale mtambo uendelee, muuguzi aandike kwa mkono kwamba saa fulani daktari fulani alifungua jalada fulani, na asubuhi yaingizwe. Wauzaji wa mifumo ya kompyuta hupenda kusema mfumo wao unafaa kila mahali. Waulizwe kwanza: daftari likifa, mfumo huu unafanya nini? Mwenye kujibu harakaharaka kwamba daftari lake haliwezi kufa, huyo asilipwe malipo ya awali.

Cha kushangaza ni kwamba sharti la namna hii tumekwisha kuwabebesha wadogo. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayetumia mashine ya risiti ya EFD, iliyoanza nchini mwaka 2010, anajua kwamba mashine ikiharibika hawezi kuendelea kuuza kana kwamba hakuna kilichotokea. Atoe taarifa, auze kwa risiti za mkono, na mashine ikipona mauzo hayo yaingizwe. Yaani muuza misumari anatakiwa awe na daftari la pili, na asipokuwa nalo anatozwa faini. Wenye mitambo ya mabilioni nao waulizwe swali hilohilo.

Majirani zetu wa Kenya walilifikisha jambo hili mbele ya majaji. Baada ya uchaguzi wa rais wa tarehe 8 Agosti 2017, walioyapinga matokeo waliomba kuzitazama seva za Tume ya Uchaguzi. Tarehe 28 Agosti Mahakama ya Juu ikaamuru wapewe nafasi ya kusoma bila kugusa, yakiwamo madaftari ya nani aliingia na lini. Tume haikuitekeleza amri hiyo kikamilifu. Tarehe 1 Septemba majaji wanne dhidi ya wawili, wakiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, waliufuta uchaguzi. Katika hukumu kamili ya tarehe 20 Septemba walio wengi walieleza kwamba, kwa kuwa madaftari hayakutolewa ipasavyo, wanalazimika kuyapokea madai ya walalamikaji: ama mfumo uliingiliwa, ama maofisa wenyewe waliingilia takwimu, ama Tume ilivuruga upelekaji wa matokeo na haitaki kukiri. Tuweke siasa pembeni, tutazame mizani. Mwenye mtambo alipokosa kuonyesha daftari, pengo lile lilihesabiwa dhidi yake.

Uingereza mizani iliinama upande mwingine kwa miaka mingi, na matokeo yake ni aibu. Posta ya huko ilitumia mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 waliokuwa wakiendesha vituo vidogo vya posta, watu wa dirishani kama mawakala wetu wa stendi, walitiwa hatiani kwa sababu ya upungufu wa fedha ulioonyeshwa na mfumo huo. Wengine walifungwa, wengine waliuza nyumba zao kulipa madeni yasiyokuwapo. Waliposema "sikuchukua", waliambiwa kompyuta haionyeshi hivyo. Desemba 2019 Mahakama Kuu ikathibitisha kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuzaa upungufu, na kwamba wafanyakazi wa Fujitsu waliweza kuingia kwa mbali katika hesabu za vituo bila mwenye kituo kujua. Ilibidi Bunge litunge sheria, Mei 2024, kuzifuta hukumu zile kwa mkupuo.

Basi tukirudi kwa lile jibu la dirishani, mimi ninaliona hivi. "Haionekani kwenye mtambo" ni ushahidi wa kweli pale tu mtambo umepangwa usifanye kazi usiyoweza kuiandika. Kama kila muamala lazima uache mstari, na daftari likifa kazi inahamia kwa mwenzake mwenye daftari, hapo mstari ukikosekana una haki ya kusema jambo halikutokea. Lakini kama mtambo huendelea na biashara hata ukiwa hauna kalamu, basi kukosekana kwa mstari hakumaanishi lolote, na kumkata wakala fedha zake kwa ushahidi huo ni kumlipisha gharama ya wino ambao si yeye aliyekuwa anunue.

Kwa hiyo ninawaomba wakubwa wa Benki Kuu wanaosimamia mifumo ya malipo, na wale wa TCRA wanaopokea malalamiko ya watumiaji wa simu, mlalamikaji akiletwa na jibu hilo wasiishie kuuliza "je, ipo kwenye kumbukumbu?" Wamuulize mwenye mtambo kama siku ile, saa ile, daftari lake lilikuwa hai, na aonyeshe. Seva iliyokuwa ikiandika itakuwa na mistari ya watu wengine kabla na baada ya dakika inayobishaniwa. Ikiwa katika dakika hizo hakuna mstari wa mtu yeyote, nchi nzima, mchana kweupe, basi si mlalamikaji aliyepotea. Hilo halihitaji mtaalamu kutoka Ulaya. Ni kufunua ukurasa na kutazama saa.

Nao mafundi ninawaomba kitu kidogo. Chagueni usiku mmoja wa Jumanne, saa nane, wateja wakiwa wachache na wakubwa wamearifiwa. Iondoleeni seva moja ruhusa ya kuandika daftari lake. Msifanye kitu kingine, kaeni mtazame. Hesabuni ni sekunde ngapi zinapita kabla mgawa kazi hajaiacha, ni simu ya nani inayolia kwanza, na kama seva ya pili inaandika kweli au inajifanya. Kisha rudisheni ruhusa, na mwone kama ya kwanza inarudi zamuni kwa utulivu au inaingia na kutoka kama mlevi mlangoni. Mtakachokiona andikeni, kwa kalamu, kwenye karatasi, na nakala moja ikae mbali na chumba hicho.

Hadi wiki ijayo, ndugu wasikilizaji, kwaherini.